Useremala wa ghorofani na haki ya jirani



Jumapili moja mchana nilikuwa kibarazani kwangu, ghorofa ya tatu, hapa Dar es Salaam, nikipiga msasa ubao wa mninga. Mara nikasikia hodi. Nikaenda kufungua mlango huku mikono, nguo na nyusi zimekuwa nyekundu, maana mninga ukiupiga msasa hutoa vumbi la rangi ya udongo wa Tabora. Mlangoni alisimama mama mmoja wa makamo, jirani yangu wa ghorofa ya pili, chini yangu kabisa. Mkononi ameshika shuka jeupe. Sisemi kwamba wakati ule lilikuwa jeupe, nasema lilinunuliwa likiwa jeupe.

"Shikamoo mama," nikamwamkia, kwani amenizidi umri.

"Marahaba baba. Pole na kazi."

"Ahsante mama. Karibu ndani."

"Sikai, baba. Nimekuja kukuonyesha shuka langu." Akalikunjua. "Hili halina neno, litafuliwa tena. Lakini ninaye mjukuu wangu mle ndani, ana pumu. Tangu asubuhi nimefunga madirisha, na joto la mwezi huu unalijua mwenyewe. Sikuambii uache kazi yako, maana kazi ni kazi. Nakuuliza tu: sisi tupumue wapi?"

Ndugu msikilizaji, mtu akikutukana hukupa nafasi ya kumjibu. Lakini mtu akikuuliza swali la haki kwa sauti ya upole, huna pa kutokea. Nilimwomba radhi, nikamwahidi kwamba vumbi lile hataliona tena. Alipoondoka nikakusanya vyombo vyangu vyote, nikavitia sandukuni, nikalisukuma sanduku uvunguni mwa kitanda. Likakaa huko miezi miwili.

Labda utaniuliza, mtu anayelipwa kwa kusema redioni anatafuta nini kwenye mbao? Nami nitakujibu. Kazi yangu ni maneno. Nikishayasema yanapaa hewani, na jioni nikirudi nyumbani sina hata kitu kimoja ninachoweza kukishika nikasema hiki nimekifanya leo. Siku moja mlango wa kabati la jikoni ulianguka. Nikamwita fundi, akachukua kitangulizi, na mpaka leo namsubiri. Kwa hasira nikanunua msumeno na nyundo, nikautengeneza mlango ule mwenyewe. Ulikuwa mlango mbaya. Hata hivyo usiku ule niliamka mara mbili kwenda kuutazama. Tangu hapo nikajua kwamba nimepata ugonjwa ambao sitaki upone.

Kwa hiyo miezi ile miwili ilikuwa migumu. Nilijiona nina njia mbili tu, ama niache useremala, ama nimtese mtoto wa watu. Mwishowe nikaenda Keko, wilayani Temeke, mahali ambapo vitanda na makabati hupangwa kando ya barabara tangu asubuhi hadi jioni, nikamsimulia mkasa wangu mzee mmoja fundi. Akacheka sana. Kisha akaniambia neno moja: "Ukiona vumbi jingi, ujue chuma chako ni butu."

Sikumwelewa siku ile. Nilikuja kumwelewa baadaye, na leo nataka kueleza niliyojifunza, kwa faida ya kila mkaaji wa ghorofa anayetamani kushika randa, na kwa faida ya jirani yake pia. Maana tunaoishi ghorofani tunagawana vitu vitatu ambavyo havimo katika mkataba wa pango: hewa, sakafu na usiku. Seremala wa ghorofani akivielewa vitu hivyo vitatu, anaweza kufanya kazi yake mpaka uzeeni bila kugombana na mtu.

Tuanze na hewa. Zipo takataka za mbao za aina mbili, nazo si ndugu. Aina ya kwanza ni maranda, yale masalia yanayojikunja kama nywele baada ya kupita randa. Maranda ni mazito. Yanadondoka miguuni pako, unayazoa kwa mikono, unayatia kwenye gunia, na wenye kufuga kuku watakushukuru. Aina ya pili ni vumbi linalotokana na msasa. Hilo ni jepesi, linaelea, linatoka dirishani kwako na kuingia dirishani kwa mwenzio. Tena lile unaloliona kwenye shuka ni lile kubwa kubwa. Lile dogo kabisa huwezi kuliona, na ndilo linaloingia ndani kabisa ya mapafu.

Wala hili si jambo la kufanyia mzaha. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni chombo cha Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya ndani ya pua. Walio katika hatari zaidi ni wafanyakazi wanaolivuta vumbi hilo miaka na miaka, si mtu wa kigoda kimoja kwa mwezi. Lakini kwa mwenye pumu habari ni nyingine, kwani vumbi la leo linaweza kumbana kifua leo hii. Baadhi ya miti yetu mizuri ndiyo mikali zaidi. Vumbi la mvule huwasha macho, pua na ngozi, na limewahi kuwaletea pumu mafundi wasiokuwa nayo hapo awali. Mninga nao una tabia hiyo kwa baadhi ya watu.

Sasa ndipo neno la yule mzee linapoingia. Randa hukata, msasa hukwangua. Nilikuwa napiga msasa saa nzima kwa sababu randa yangu ilikuwa butu, ikiurarua ubao badala ya kuulainisha, nami nikawa nafuta makosa ya randa kwa msasa. Randa kali inaacha ubao laini unaong'aa kama uliopakwa mafuta, na msasa unakuwa hauna kazi. Palipobaki ukwaruzo mdogo, tumia njia ya mafundi wa zamani: kipande cha kioo kilichovunjika, kinachoburutwa taratibu juu ya ubao. Kioo nacho hutoa maranda, membamba kama karatasi ya sigara. Ila uzungushie kitambaa upande unaoshika, la sivyo utautia ubao rangi ambayo hukuikusudia.

Pale ambapo msasa hauepukiki, kwa mfano kwenye kona za mviringo, mimi hutumia ule msasa mweusi usioharibika kwa maji, nikauchovya kwenye mafuta yale yale nitakayoupaka ubao. Vumbi likikutana na mafuta hugeuka uji mzito, nami naufuta kwa kitambaa. Haliruki. Na baada ya kazi sifagii kwa ufagio mkavu, kwa maana ufagio huliamsha vumbi lililokwisha lala. Napangusa kwa tambara bichi.

Aidha, nilihama kibarazani. Wengi hudhani kibarazani ndipo mahali pa staha, kwa kuwa uchafu unatoka nje. Unatoka nje kwenda wapi? Siku hizi nafanyia kazi chumbani mwangu. Kama kazi fulani ina vumbi ambalo sitaki lilale kwenye mto wangu, basi kazi hiyo haifai kufanyika ghorofani, wala sina haki ya kumpelekea mama wa watu kwenye mto wake. Kazi ya namna hiyo naipeleka kwenye mashine. Hapo hapo unaponunua mbao, lipa pesa kidogo wakupasulie na kukupigia randa kwa mashine, mpaka ubao ufikie unene unaoutaka. Kelele na vumbi vibaki huko vilikozoeleka, wewe ubebe begani vipande vilivyo tayari. Msumeno wangu wa umeme niliuuza. Aliyeununua ana kiwanja chenye ua.

Jambo la pili ni sakafu. Ndugu msikilizaji, kelele nazo ziko za namna mbili. Ya kwanza hupita hewani, kama sauti ya redio au ugomvi wa mtu na mkewe. Hiyo ukifunga dirisha na mlango inapungua. Ya pili hupita ndani ya jengo lenyewe. Unapogonga patasi juu ya meza, pigo hushuka kwenye miguu ya meza na kuingia sakafuni, na sakafu yako ndiyo dari ya mwenzio. Zege ni gumu, tena limeungana na nguzo na kuta, kwa hiyo pigo husafiri mbali. Ndiyo maana mtu akitwanga kisamvu ghorofa ya nne, wa ghorofa ya pili anamsikia vizuri kabisa, ila hajui amlaumu nani.

Dawa ya kelele hii ya pili si kufunga dirisha. Ni kuweka kitu laini kati ya pigo na zege. Mimi nilikwenda kwa mafundi wanaotengeneza makatambuga, nikanunua vipande vinne vya tairi kuukuu, kila kimoja ukubwa wa kiganja. Vinakaa chini ya miguu ya meza yangu, na chini yake kuna blanketi lililokunjwa mara nne. Pili, sigongi katikati ya meza, kwa sababu katikati hucheza na kulia kama ngoma. Nagonga juu ya mguu wa meza, mahali ambapo pigo halina nafasi ya kuruka. Tatu, natumia nyundo ya mti, kwa maana chuma kikigonga mpini hutoa mlio mkali.

Lakini dawa kubwa kuliko zote ni kugonga kidogo. Tuseme unataka kuchimba tundu la kuingizia ulimi wa ubao mwingine. Fundi mwenye karakana hugonga patasi mara mia mbili. Wewe wa ghorofani toboa kwanza matundu ya duara yaliyopangana, kwa keekee ya kuzungusha kwa mkono, kisha safisha kingo kwa patasi ukiisukuma kwa kiganja na uzito wa bega. Inachukua muda mara mbili zaidi. Lakini una haraka ya nini? Hukuajiriwa na mtu.

Hapo kuna sharti moja: patasi iwe kali kweli kweli. Chuma kikali hakihitaji nguvu, na kisichohitaji nguvu hakina kelele. Hali kadhalika ni salama zaidi, kwa sababu kidole hukatwa na chuma butu kilicholazimishwa kikateleza. Kwa hiyo chombo cha kwanza kununua si msumeno wala nyundo, ni kinoo. Nunua kizuri. Kilowanishe, ulaze patasi kwa upande wake ulioinama, pembe ya kama digrii 25 hadi 30, uisugue bila kuibembeza mpaka uhisi kwa kidole kijidomo chembamba cha chuma kimejitokeza upande wa pili. Kisha uigeuze, ulaze mgongo wa patasi ubapa kabisa juu ya kinoo, ukiondoe kijidomo hicho. Jaribu kwenye kichwa cha ubao wa mpaini, pale msumeno ulipokata. Ikikata safi bila kukivunjavunja, umefaulu. Mimi hunoa mara mbili au tatu kwa kila saa ya kazi. Na kunoa hakuna kelele, waweza kunoa saa nne ya usiku na mtoto wa jirani amelala.

Jambo la tatu ndilo hilo la usiku, yaani saa za watu kupumzika. Mimi nimejiwekea sheria. Sigongi kabla ya saa tatu asubuhi wala baada ya saa kumi na mbili jioni. Jengoni pakiwa na msiba sigusi chombo mpaka tanga liondolewe. Na nikijua kesho nitagonga nusu saa, leo nashuka ngazi, napiga hodi, nasema: "Mama, kesho saa tano nitagonga kidogo, mpaka saa tano na nusu." Utastaajabu jinsi kelele iliyoagwa inavyosikika ndogo kuliko isiyoagwa.

Sasa wapo watakaosema: sawa, lakini mimi nina chumba kimoja na sebule, meza ya seremala nitaiweka wapi? Nami nawauliza, nani amekwambia lazima uwe na meza ya seremala? Nenda kijiji cha wachongaji pale Mwenge, ukawaangalie wanaochonga mpingo. Mpingo ni mti mzito hata ukiutia majini unazama, ni mgumu kama nini, lakini mchongaji amekaa chini, kipande cha mti amekibana kwa miguu, tezo mkononi. Miguu yake ndiyo jiriwa yake. Kazi inayotoka hapo inavuka bahari. Kazi nyingi ndogo zinaweza kufanyika umekaa mkekani, mgongo umeegemea ukuta.

Kwa kukata kwa msumeno, jitengenezee kitu kimoja rahisi. Chukua ubao wenye ukubwa wa kitabu kikubwa cha karani. Pigilia kipande cha fito upande wa chini, ukingoni mbele, na kipande kingine upande wa juu, ukingoni nyuma. Kiweke kwenye meza yako ya kulia chakula. Fito ya chini inashika ukingo wa meza, fito ya juu inazuia ule ubao unaoukata usikimbie mbele unaposukuma msumeno. Hakina skrubu wala hakiiachii meza alama. Ukimaliza, kitundike nyuma ya mlango, meza irudi kuwa meza ya wali.

Vyombo vyangu vyote ni hivi: msumeno mmoja wa meno madogo, randa moja, patasi mbili, ya nusu inchi na ya robo inchi, guni la kupimia pembe, futi kamba, keekee, jiriwa mbili za mkono, nyundo ya mti na kinoo. Vyote vinaingia katika sanduku moja uvunguni. Ukianza hivyo, pesa itakayobaki nunua mbao nzuri.

Na kuhusu mbao, nisikufiche, hapo ndipo nilipochekwa. Ule mlango wangu wa kwanza wa kabati niliutengeneza kwa mpaini mbichi, uliokatwa juzi. Baada ya miezi miwili ulisinyaa, ukapinda, ukawa unacheka wakati wote. Sikujua kwamba ubao hata baada ya kukatwa huvuta unyevu hewani na kuutoa. Urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana, bali upana wake hupanuka wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi. Kwa hiyo usinunue ubao leo ukaupiga gundi leo. Ulete nyumbani, uulaze chini ya kitanda juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote, uusahau kwa wiki kadhaa mpaka uzoee chumba chako. Mninga unapendwa na mafundi kwa sababu, ukishakauka, hauchezi sana. Nao mwenye nyumba ndogo anaumudu, kwani anayetengeneza kigoda hahitaji gogo. Vipande vinavyobaki kwa mafundi wa vitanda vinamtosha, na bei yake ni ya kuelewana.

Kabla sijasahau, liko jambo moja la hatari ambalo wengi hawalijui. Mafuta ya kitani, yanayopakwa mbao ili zing'ae, yanapokauka hutoa joto. Kitambaa kilicholowa mafuta hayo ukikifinyanga na kukitupa kwenye kapu la taka, joto hukosa pa kutokea, linaongezeka, na kitambaa kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti wala cheche. Katika nyumba ya ghorofa, moto wako si wako peke yako. Kitambaa cha mafuta kitandaze kikauke kikiwa kimenyooka, au kitumbukize kwenye ndoo ya maji kabla hujakitupa. Vanishi nazo zina mvuke unaowaka. Ukizipaka, jiko lizimwe na madirisha yawe wazi.

Baada ya kujifunza hayo yote, nilitaka kuanza upya. Nikashuka ghorofa ya pili, nikapiga hodi. Nikamweleza yule mama kwamba nimehama kibarazani, msasa nimeuacha, na meza yangu inavaa viatu vya tairi. Nikamwomba ruhusa nijaribu kwa mwezi mmoja, na kwamba akisikia chochote au mtoto akipata shida, anipigie bomba kwa mwiko mara tatu, nitaacha papo hapo. Akanitazama, akafikiri. Kisha akasema: "Basi baba, kama ni fundi kweli, mbuzi yangu ya kukunia nazi imevunjika mguu."

Nikaichukua. Ilikuwa ile mbuzi ya kukunja ya zamani, mbao mbili zimepitana kama mkasi, moja ya kukalia na moja ya mguu, zimeshikwa katikati na kipini. Ulimi wa chuma bado ulikuwa mzima. Ubao wa mguu ndio uliopasuka. Ndugu msikilizaji, nilipoikunjua mbuzi ile niliiona kwa macho mapya. Wazee wetu wa pwani walikuwa na vyumba vidogo kuliko vyangu. Walitengeneza kiti kinachokunjika na kuning'inizwa ukutani. Walitengeneza marufaa ya kuwekea msahafu kutokana na ubao mmoja tu, ukapasuliwa katika unene wake na kuchongwa bawaba zake humo humo, ukafunguka bila msumari wala gundi. Hawakuwa na msumeno wa umeme. Mimi nilidhani kwamba nyumba ndogo ni kikwazo cha useremala. Kumbe vitu vingi vizuri vya kwetu vilibuniwa na watu wasiokuwa na nafasi.

Mguu ule ulinichukua Jumamosi tatu. Nilitumia mninga uliokauka. Tundu la kupitishia ubao nilitoboa kwa keekee, nikalisafisha kwa patasi kwa kusukuma, na kipini nilikichonga kwa kisu. Muda wote nilikuwa natega sikio kwenye bomba. Mwiko haukulia. Jumamosi ya tatu nikashuka na mbuzi kwapani. Mjukuu ndiye aliyenifungulia, akaniamkia, akaikunjua na kuikunja mara kumi, kisha akaikalia na kusema ni farasi.

Sitaki kudanganya mtu. Pumu ya mtoto yule haikuletwa na mimi, na haikuondoka kwa sababu yangu. Bado ana siku zake mbaya, hasa manyunyu yakianza, na bibi yake bado anaweka dawa ya kupuliza juu ya kabati. Lakini siku zile mbaya nikisikia anakohoa sijiulizi tena kama ni vumbi langu. Kwangu mimi hiyo ni faida kubwa kuliko mlango wa kabati.

Kwa hiyo, wewe unayeishi ghorofani na mikono inakuwasha, usikate tamaa. Noa chuma chako, acha msasa, ivishe meza viatu, anika kitambaa chako, na ushuke ngazi kabla jirani hajapanda.

Jana saa kumi na moja jioni nilikuwa nimelala chali sakafuni, mgongo unauma. Nikasikia kutoka chini, kupitia kwenye zege lile lile: kwaru, kwaru, kwaru. Mama anakuna nazi. Sauti ilipanda vizuri kabisa, nikasikia hata alipobadilisha kifuu. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, wala sikupiga bomba.